Nani Hulipa Gharama ya Umbali?

Kila picha ina umbali ndani yake. Kati ya anayepiga na anayepigwa kuna hatua kadhaa, na hatua hizo lazima mtu azilipie: kwa miguu, kwa fedha, kwa mwanga au kwa heshima yake. Historia nzima ya upigaji picha yaweza kusomwa kama mfululizo wa mapatano juu ya nani alipe. Kamera za kidijitali za zumu kubwa, zile ambazo lenzi yake haibanduki na ambazo huitwa kamera za daraja kwa kuwa zimesimama kati ya kamera ya mfukoni na kamera ya kubadilisha lenzi, zimeleta patano jipya. Tatizo ni kwamba tunazihukumu kwa sheria za mapatano ya zamani. Ndiyo maana wengine huzidharau na wengine huzisifu kupita kiasi. Hapa nazilinganisha na mila tatu zilizozitangulia, kisha zenyewe kwa zenyewe, kwani nazo zina shule mbili zisizoafikiana.

Studio: mteja ndiye anayetembea

Pwani ya Afrika Mashariki ilizoea kupigwa picha ndani ya chumba. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930. N. V. Parekh alikuwa na studio yake Mombasa. Omar Said Bakor alikuwa na yake Lamu, akasifika kwa ustadi wa kukata picha kadhaa na kuziunganisha zikawa moja. Katika mila hii kamera haitoki mahali pake. Mteja ndiye anayeifuata, akiwa amevaa nguo ya Idi, amejitia manukato ambayo picha haitayaonyesha, na ameshaamua nyumbani atakaaje na atamtazama nani.

Hata umbali wa dunia uliletwa humo humo ndani. Wapiga picha wa kivukoni Likoni, Mombasa, walitundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, mteja akasimama mbele ya mahali ambapo pengine hatafika maisha yake yote. Hakuna aliyepigwa bila kujua. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, alichapisha mwaka 2013 utafiti mrefu juu ya jinsi watu wa pwani walivyojadiliana na kamera kuhusu kipi kionekane na kipi kisitiriwe. Katika jamii inayothamini sitara, uzuri wa picha haukutosha. Ilibidi pia kuuliza nani ataiona, na albamu ya harusi ya wanawake haikuwa ya kuzungushwa barazani.

Kwa hiyo studio ina gharama ndogo kwa mpiga picha na kubwa kwa mteja, lakini mteja huyo ananunua kitu: mamlaka juu ya sura yake.

Leica: mpiga picha ndiye anayesogea

Kamera ya Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, ikitumia filamu ya sinema ya milimita 35, upigaji picha ulipata miguu. Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya milimita 50, ambayo haivuti chochote. Ukitaka uso wa mtu ujae kwenye picha, huna budi kumsogelea mpaka naye akuone. Robert Capa, mwenzake katika kuanzisha shirika la Magnum mwaka 1947, alishikilia kwamba udhaifu wa picha ni kosa la mpiga picha asiyekaribia. Mwaka 1954, huko Indochina, alikanyaga bomu la ardhini akafa akiwa kazini.

Kwetu mila hii ina jina la Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzisha shirika la picha la Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliufanya ulimwengu ufungue mikono. Mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa mwaka 1991 ulimkata mkono. Akarudi kazini na mkono wa bandia.

Hapa deni la umbali liko juu ya mpiga picha mwenyewe. Analilipa kwa woga anaoushinda, kwa maneno anayobadilishana na watu, na wakati mwingine kwa mwili wake. Kutokana na mila hii tulirithi imani kwamba kukaribia ni ujasiri, na kuvuta kwa lenzi ni uvivu. Imani hiyo ina ukweli panapohusika binadamu. Kwa simba haina maana yoyote.

Lenzi ndefu: fedha na mabega ya wengine

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani C. G. Schillings alizunguka nyika za Umasaini na lenzi nzito za kuvuta mbali pamoja na flashi za unga wa magnesi, akawapiga picha wanyama usiku. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905 kikapata umaarufu mkubwa Ulaya. Lakini kamera hizo, vioo vyake vya kunasia picha na kemikali zake havikujibeba. Vilibebwa na wapagazi, na simba waliitwa mbele ya kamera kwa wanyama waliofungwa kama chambo. Sifa alizipata mmoja, gharama ikalipwa na wengi.

Mrithi wa mila hiyo leo ni lenzi ya milimita 600 yenye tundu la kupitisha mwanga la f/4. Ile aliyoitoa Canon mwaka 2018 ina uzito wa kilo tatu na ushei, na bei yake ya kwanza ilikuwa karibu dola 13,000, kamera haijanunuliwa bado. Hakuna ubishi juu ya ubora wake. Picha nyingi za wanyama unazoziona kwenye majarida na kalenda za hoteli zimetoka kwenye lenzi za aina hii. Ila mila yenyewe ina mlango mwembamba. Kijana wa Karatu au Narok anayewajua wanyama kuliko mgeni yeyote hawezi kuingia kwa mshahara wa dereva.

Na hata mwenye lenzi hiyo bado hutamani hatua chache za ziada, akamsukuma dereva aache barabara. Kuacha barabara bila kibali hifadhini kama Serengeti ni kosa, na anayehatarisha kazi yake kwa kosa hilo ni aliyeshika usukani, huku aliyeshika kamera akipanda ndege kurudi kwao.

Daraja: mwanga ndio unaolipa

Kamera ya zumu kubwa ilizaliwa kimyakimya. Mwaka 1998 Sony iliuza Mavica yenye zumu ya mara 14, ikihifadhi picha zake kwenye diski laini za kompyuta. Mwaka 2002 Panasonic ikatoa FZ1, mara 12, ikiwa na lenzi yenye jina la Leica na kidhibiti cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Kuanzia hapo mashindano yakawa ya namba. Nikon P900 ya mwaka 2015 ilifika mara 83. P1000 ya mwaka 2018 ikafika mara 125: kutoka upana wa milimita 24 mpaka uvutaji wa milimita 3000, ndani ya kamera ya kilo moja na nusu kasoro kidogo, kwa bei ya kuanzia ya dola 1,000.

Miujiza hiyo ina hesabu nyuma yake. Milimita 3000 ni kipimo cha kulinganisha na filamu ya zamani. Urefu halisi wa lenzi hiyo ikivutwa hadi mwisho ni milimita 539. Kinachofanya picha ionekane imevutwa kiasi hicho ni kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu, ambacho hapa hakifikii ukubwa wa punje ya mahindi. Kinachukua katikati tu ya taswira na kuacha kingine chote. Eneo lake ni karibu milimita 28 za mraba, wakati kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35 kina 864.

Kinachohesabika zaidi ni upana wa mlango ambao mwanga unapitia. Gawanya 539 kwa 8, kwa kuwa tundu ni f/8, upate milimita 67. Fanya hivyo hivyo kwa lenzi ya 600 yenye f/4, upate 150. Mwanga unaotoka kwa ndege yule yule na kuingia katika lenzi ya bei ya gari ni mara tano ya ule unaoingia katika P1000. Tena kwenye f/8 nukta moja ya mwanga hutawanyika, ikafunika vijichembe kadhaa vya kihisi hicho kidogo kwa pamoja. Ndiyo kusema megapikseli 16 zilizoandikwa kwenye boksi hazipatikani zote ukivuta mpaka mwisho. Jua likizama, chenga, yaani vidoa vya picha iliyokosa mwanga, zinaingia kwenye manyoya, na programu ya kamera ikizifuta inafuta na manyoya.

Hewa nayo inadai chake. Saa saba mchana katika nyika, joto linapopanda kutoka ardhini na mazigazi kuanza kucheza, pundamilia aliye mbali huonekana kama kitambaa kinachooshwa. Hakuna zumu inayoondoa hewa. Anayetaka kutumia milimita 2000 au 3000 aamke kabla ya jua, au angoje mvua isafishe vumbi. Na ajifunze kutafuta shabaha: kwenye mwisho wa uvutaji uwanja wa kuona ni chini ya digrii moja, ndege akiruka umempoteza. P900 na P1000 zina kitufe ubavuni mwa lenzi kinachorudisha upana kwa muda ili umwone tena alikokwenda. Kitufe hicho kina manufaa kuliko namba yoyote kwenye tangazo.

Basi kamera hii hailipii umbali kwa fedha nyingi wala kwa miguu. Inaulipia kwa mwanga, na deni likizidi inalipa kwa ubora wa picha. Ukiipima kwa macho ya mtu wa studio, utasema imeshindwa. Lakini ukoo wake wa kweli si studio wala Leica, ni darubini. Mtazamaji wa ndege hana haja ya picha ya kutundika ukutani. Anataka kujua miguu ilikuwa ya njano au ya kijivu, na kama jicho lilikuwa na duara jeupe. Nairobi, shirika la Nature Kenya lina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na mradi wa Kenya Bird Map unakusanya taarifa za wapi ndege gani ameonekana. Katika kazi ya namna hiyo picha yenye chenga inayoonyesha rangi ya miguu ina thamani kuliko picha laini isiyoonyesha.

Natron na Sokoke: shule mbili

Ndani ya kamera za daraja kuna mgawanyiko ambao wauzaji hawausemi. Shule ya kwanza, ya P1000, hutafuta urefu. Ya pili hutafuta mwanga. Panasonic FZ200 ya mwaka 2012 ilikubali kuishia milimita 600 ili tundu libaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Sony RX10 IV ya mwaka 2017 nayo inaishia 600, ila kwa f/4 na kihisi cha milimita 116 za mraba, mara nne ya kile cha P1000. Bei yake ilianzia dola 1,700.

Ili kuzilinganisha kwa haki, zipeleke mahali pawili. Ziwa Natron ndilo mazalio makuu ya flamingo wadogo katika Afrika Mashariki, na viota vyao viko ndani kwenye tope la magadi. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuwafikia kwa miguu. Magadi yaliichoma miguu yake hata akalazwa hospitalini. Hapo umbali haulipiki kwa ujasiri. Kuna uwazi, kuna jua, na kuna sababu nzuri ya binadamu kubaki ufukweni. Asubuhi na mapema, shule ya urefu inashinda bila mpinzani.

Sasa nenda msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini mwa Kilifi. Bundi mdogo wa Sokoke, mwenye kimo cha sentimita 16 hivi, hulala mchana ndani ya kichaka, hatua chache tu kutoka ulipo ikiwa kiongozi wa msitu amekuonyesha. Pale milimita 3000 ni mzigo mtupu. Tatizo ni giza, na flashi usoni mwa ndege wa usiku ni ukatili. Shule ya mwanga inarudi na picha. Shule ya urefu inarudi na chenga.

Kwa hiyo anayeuliza ipi bora hajauliza swali lililokamilika. Aseme kwanza anachotazama kiko wapi na saa ngapi.

Mwezi na upeo wa bahari: kamera kama shahidi

Darubini ina jukumu ambalo studio haikuwa nalo: kushuhudia. Hakuna mahali jukumu hilo linapoeleweka kuliko kwetu, ambako jioni ya mwezi ishirini na tisa watu hupanda juu ya paa au kushuka ufukweni kutazama kama mwezi umeandama. Katika mila hiyo uzito hauko kwenye kifaa. Uko kwenye uaminifu wa shahidi anayesimama na kusema ameona. Kama chombo kinafaa kuwa badala ya jicho ni suala la wanazuoni, na siwaingilii. Ninachoweza kusema ni upande wa kioo: mwezi mchanga ni uzi mwembamba, uko chini karibu na upeo, ndani ya utando wa jua lililokwisha kuzama. Kamera ya uwanja wa digrii moja itautafuta usiku kucha kama hujui wapi pa kuielekeza. Mwezi mpevu ni rahisi zaidi. Kwa milimita 2000 unaenea vizuri, kwa 3000 karibu haukai ndani ya fremu.

Ulinganisho na simu unafundisha hapa. Mwaka 2023 mtu mmoja alichukua picha ya mwezi, akaififisha makusudi mpaka mashimo yakapotea, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta na kuipiga kwa simu ya Samsung ya zumu ya mara 100. Simu ikatoa mwezi wenye mashimo. Maelezo hayakutoka kwenye mwanga ulioingia. Yalitoka kwenye ujuzi uliokwisha kufundishwa programu. Kamera za daraja nazo husafisha chenga na kunoa kingo, si malaika. Lakini mashimo ya mwezi zinayoyaonyesha yameingia kupitia kioo. Kwa ushahidi, tofauti hiyo ndiyo yote.

Hata hivyo shahidi mzuri anaweza kuulizwa na wakili mbaya. P900 ilipopata umaarufu, wanaoamini dunia ni bapa walijaza mtandao kwa video za vyombo vilivyopotea machoni kisha zumu ikavirudisha. Zumu hurudisha chombo kilichokuwa kidogo mno kwa jicho. Haikirudishi kilichozama nyuma ya mpindo wa bahari: ukivuta hadi mwisho utaona sehemu ya juu ya meli na maji pale ambapo sehemu ya chini ingekuwa. Nahodha yeyote wa jahazi anajua kwamba tanga huonekana kabla ya chombo, na hakuhitaji milimita 2000 kulijua.

Hukumu

Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha zaidi ya kamera milioni 100 za lenzi isiyobanduka. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Simu imemeza karibu aina yote, lakini Nikon imetoa P1100 mwaka 2025 ikiwa na lenzi ile ile ya milimita 3000. Inabaki kwa sababu kuna kazi ambayo simu huifanya kwa kubuni na lenzi kubwa huifanya kwa bei isiyoshikika. Kijana wa Karatu sasa ana njia ya kuingia.

Limebaki swali la binadamu, na hapa kamera ya daraja inashindwa mbele ya mila mbili za kwanza. Studio ilimwachia mtu mamlaka ya sura yake. Leica ilimlazimisha mpiga picha atazamwe naye. Zumu ya mara 125 inaondoa vyote viwili: mama anachota maji, mtoto anaoga mtoni, na aliye kwenye gari umbali wa mita mia tatu amekwisha kuondoka na nyuso zao. Patano hilo limelipwa na mtu ambaye hakujua kuna mauziano. Sheria zimeanza kulitambua. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na mwaka 2023 kilabu kimoja cha Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa ndege, kwa mwezi, kwa mamba aliye ng'ambo ya mto na kwa mechi unayoitazama ukiwa jukwaani, nunua kamera ya zumu kubwa bila haya. Chagua ya urefu ukitazama mbali kwenye jua, chagua ya mwanga ukiingia msituni au ukipiga jioni. Kwa binadamu, rudisha zumu mwanzo, tembea hatua zilizobaki, toa salamu, kisha uombe. Akikataa, shukuru uende zako.